Papa Athanase Alilala ku Majani

Bintu yote ilianzia ku karanga.

Ilikuwa mwaka ya 95, mwezi ya tano, ile wakati baridi ya Likasi inaanza kuuma masikio. Danielle alikuwa anatoka ku soko na karanga ya kukaanga mu mukono, na weye unajua namna bamama banaiuzisha: mama anapasula karatasi ya kitabu ya zamani, anaikunja sawa pembe, anatia karanga ndani, anakupatia, unaenda. Danielle alimaliza karanga yote mbele ya kufika ku njia ya train. Akafungula karatasi juu ya kulamba chumvi, na pale katikati ya mafuta akaona picha ya mwanamuke anasimama mu majani na muguu moya, mikono juu, macho kimya kabisa, sawa muntu mwenye hangojee kitu.

Sasa, mu ile mwaka, nani mu Likasi alikuwa hangojee kitu? Bantu balikuwa banangojea mushahara, banangojea train, banangojea kampuni iseme neno. Hata mbwa ya kampi ya bafanyakazi ilikuwa inangojea.

Danielle alirudia ku soko mbio, sandali mu mukono. Mama wa karanga alikuwa ameisha kutumikisha nusu ya kitabu, na alikuwa anapasula karatasi ingine mbele ya macho yake. Danielle alimupatia cahier zake mbili za statistique. Institut ilikuwa inafungwa tangu Noeli, baprofesa balikataa kufundisha na tumbo wazi, sasa statistique ya kufanya nini? Mama alipima cahier mu mukono, akazisikia uzito, akasema ya Danielle ni nzuri kupita kitabu, haipitishe mafuta. Bakabadilishana, kila moya akicheka mwenzake mu roho.

Kitabu ilikuwa ya kifransa, ya wakati bazungu ba kampuni balikuwa bangali mingi. Haikuwa na mwanzo, haikuwa na mwisho, na katikati pia mama wa karanga alikuwa ameisha kuchagua-chagua. Danielle aliisoma akitembea, akaingia mu shamba ya mihogo ya bantu bila kujua. Ilikuwa ya yoga. Ilisema uende inje asubuhi, uvule viatu, ukanyange majani, unyooshe mwili, uvute pumzi polepole na kuiachilia polepole zaidi. Lakini kunyoosha mwili haikuwa njo kazi yenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa kujua kama uko pale mwenye uko. Muguu yako inasikia nini, sikio yako inasikia nini, roho yako inakimbilia wapi. Ikikimbia unairudisha bila kuipiga, sawa mutoto mwenye anaenda kucheza ku barabara.

Danielle alikuwa na miaka makumi mbili na moya na habari ilikuwa inamuunguza ulimi. Mbele ya kufika ku nyumba alikuwa ameisha kuielezea bantu tatu, na moya kati yabo alikuwa mupita-njia wa Kambove mwenye alikuwa anauliza tu njia ya gare ya train.

Lakini muntu mwenye Danielle alikuwa anataka sana kumuambia ile habari alikuwa baba yake.

Papa Athanase alitumika miaka makumi mbili na saba mu salle ya électrolyse kule Shituru, mule shaba inashikana ku mabamba ndani ya mayi ya acide. Salle ilisimama tangu miaka mbili. Kampuni haikumufukuza, ilimuambia angojee. Basi alikuwa anangojea sawa namna alikuwa anatumika, na heure. Saa kumi ya asubuhi anaamuka, anavala boti yake ya caoutchouc, ya mpira, anaikala ku kiti mbele ya mulango, anaangalia cheminée ya kampuni, bomba ya moshi yenye haina moshi. Saa sita ya muchana anavula boti. Hakuna mwenye alisubutu kumucheka.

Kisha, mu mwezi ya ine, habari ikakuja: kampuni inataka kuamusha sehemu moya ya salle, banatafuta bantu makumi ine kati ya ba zamani. Jina ya Athanase ilikuwa mu liste. Sherti ilikuwa moya tu, kupita mbele ya muganga. Mule ndani kuko joto na acide, muntu mwenye tension yake, presha ya damu, inapita kumi na sita haingie. Tension ya Athanase ilikuwa kumi na tisa.

Étienne, infirmier, muuguzi wa dispensaire ya kampi, alikuwa muntu muzuri. Alimuambia kama dawa ya tension haiko tangu mwaka jana, lakini liste itafungwa tarehe makumi mbili na sita, kuko wiki tatu. Arudi nyumbani, alale, asiwaze. Athanase alirudi nyumbani na akaanza kuwaza namna ya kutowaza. Usiku ile hakulala hata dakika tano.

Njo pale Danielle aliingia na kitabu yake ya mafuta.

Mama yake, Suzanne, alisikiliza yote mukono ku kiuno. Suzanne alikuwa mama wa groupe ya maombi, na alikuwa mama wa kukaanga mikate, na tangu salle ilisimama njo yeye alikuwa anabeba nyumba ku kichwa. Aliuliza swali moya: mu ile kitabu Mungu iko ku page gani? Danielle alijibu kama labda ilikuwa mu ile page yenye bantu balikula karanga ndani. Mama yake hakucheka. Alisema bantu benye kufunga macho na kukunja miguu chini ni bantu ba mystique, kila muntu anajua, banatafuta utajiri ya shetani. Kisha akamuangalia bwana yake, suruali yenye viraka, shingo sawa ya kuku ya kuchinja, akapumua kwa nguvu. Akasema kama ni utajiri njo beko banatafuta, basi bafanye mbio. Na akarudia ku mikate yake.

Basi bakaanza.

Kati ya mustari ya mwisho ya banyumba na njia ya train kulikuwa kiwanja ya football ya zamani. Nusu bantu balikuwa balilima mahindi, nusu ilibakia majani. Kila asubuhi, jua ingali chini, Danielle alikuwa anasoma na sauti ya katekista, na baba yake anafanya. Siku ya kwanza alisimama pale na boti yake. Danielle alimuambia kitabu inasema miguu wazi. Athanase aliuliza kama ni consigne, amri ya kazi. Danielle alisema ndiyo, ni consigne. Akavula, na Danielle akaona miguu ya baba yake mu mwangaza mara ya kwanza tangu alikuwa mutoto: miaka makumi mbili na saba ya caoutchouc, ilikuwa nyororo, inakunjana, sawa miguu ya mutoto mwenye anazaliwa leo asubuhi. Aligeuza macho juu asilie.

Kusimama na muguu moya, Athanase alianguka mara kumi na moya. Pumzi, ilikuwa kuvuta ine, kuachilia sita. Pale alikuwa muzuri, juu kuhesabu alijua. Lakini kuangalia roho inakimbilia wapi, ile ilimupatia taabu.

«Unasikia nini, papa?»

«Baridi ku miguu.»

«Muzuri. Na nini tena?»

«Njaa.»

«Kitabu inasema usiifukuze. Uiangalie tu.»

«Njaa? Miye ninaiangalia tangu mwaka 91.»

Danielle alicheka mpaka akaikala chini mu umande, na Athanase naye alicheka, na kucheka yake ilikuwa na kutu sawa mulango ya nyumba ya zamani.

Wiki ya pili kitu ingine ilifika. Danielle alikuwa anasoma, akasikia baba yake haiko anahesabu tena. Aliinua macho, akamuona machozi inashuka mpaka mu ndevu, bila sauti. Athanase alisema kama kila mara anatulia, Kabamba anakuja. Kabamba balitumika naye miaka kumi na tisa, bac moya ya acide, bukari moya, ugali ya saa ine. Alikuwa muntu wa Kasai. Mwaka 93, wakati bantu ba Kasai balikuwa balilala ku gare mu mvua na batoto yabo na masahani yabo, kungojea train ya kubafukuza, Athanase aliogopa bantu bamuone. Hakuenda kumuaga. Alipita nyuma ya gare na kinga yake, baiskeli, akaona mugongo ya Kabamba, akaendelea. Danielle alitafuta mu kitabu kama kuko kitu ya kusema juu ya ile. Hakukuwa. Bakabakia pale, bakaangalia Kabamba pamoja, mpaka jua ikatoka.

Kutokea ile siku, Athanase alianza kulala usiku. Danielle alielezea bamama bote ba ku robinet, ku bomba ya mayi ya kampi.

Position yenye baba yake alipenda kupita zote ilikuwa ya mwisho, ile ya kulala sawa maiti. Kitabu ilisema: lala mugongo, mikono mbali kidogo, viganja juu, funga macho, achilia mwili yote ku bulongo, ku udongo. Sauti zitakuja, usizijibu, uziache zipite sawa train. Usitikisike. Na pale page ilikatika. Ile ingine ilikuwa imeenda na karanga ya muntu.

«Usitikisike mpaka wakati gani?» Athanase aliuliza.

«Mpaka nikuite,» Danielle alisema, juu alipashwa kusema kitu.

Athanase alikubali na kichwa. Kwa muntu wa électrolyse, consigne haichezewe. Mule ndani, muntu mwenye alichezea consigne ana vidole tatu.

Tarehe makumi mbili na sita ikafika. Dispensaire ilikuwa inafungua saa mbili. Danielle na baba yake balitoka saa kumi na moya na nusu, ukungu ikilala ku mahindi sawa pamba. Balinyoosha, balivuta pumzi, na ku mwisho Athanase alilala. Baridi ilikuwa kali, njo Danielle akamufunika na drap, shuka nyeupe ya mama yake, mpaka ku kidevu. Kisha akakumbuka bidon yake ya mayi. Robinet ya kampi ilikuwa inatoa mayi tu mpaka saa moya, na bidon yake ilikuwa mu mustari. Kama zamu inafika na mwenyewe haiko, banaipiga teke. Na papa haende mbele ya muganga bila kunawa. Akawaza dakika kumi inatosha. Akaenda.

Ku robinet alikuta bamama saba na habari yake ingali mupya. Akaanza kubaelezea: leo njo leo, papa anaenda kupita, tension itakuwa imeshuka, pumzi ine, pumzi sita. Alivua sandali akabaonesha muguu moya. Dakika kumi ikawa nusu saa.

Njo basi balisikia kilio, kutokea upande ya njia ya train. Ilikuwa sauti ya Mama Henriette, na hakuna muntu wa Shituru mwenye hakujua ile sauti. Mama Henriette akilia matanga, bantu ba Kambove banafunga kikwembe ku kiuno. Bamama bote balisimama. Danielle pia alisimama, akauliza sawa bengine nani amekufa. Mutoto moya alikuwa anapita mbio, akasema bila kusimama:

«Ni papa yako.»

Hata weye mwenye unajua kila kitu, hata weye mwenye ulimufunika drap na mikono yako, ukisikia ile maneno utasahau yote. Danielle alisahau. Aliona kumi na tisa, ile namba ya Étienne, aliiona sawa muntu. Aliacha bidon, aliacha sandali, akakimbia.

Ilikuwa ilipita hivi. Mama Henriette alikuwa anaenda ku shamba yake ya mihogo, akakata mu kiwanja, akaona kitu nyeupe mu majani. Akakaribia. Athanase. Akamuita mara moya, mara mbili, mara tatu, Athanase hakujibu. Akamuangalia ku sura. Ile sura ilikuwa na amani. Hakuna maumivu, hakuna mukunjo, kinywa inataka kucheka kidogo. Na muntu wa kampi ya Shituru, mu mwaka 95, mwenye sura ya amani vile, kama hakufa ni nini? Mama Henriette alitia mikono ku kichwa.

Danielle alikuta bantu labda makumi tatu. Banaume balikuwa bameisha kukata tawi ya eucalyptus na kuiweka ku barabara, alama ya matanga. Jirani yabo Germain alikuwa ameisha kuondoka kupeleka habari ku dispensaire, na alikamata kinga ya marehemu mwenyewe juu kinga yake mwenyewe ilikuwa imepasuka. Na katikati, chini, alikuwa Suzanne. Alitoka ku moto ya mikate, mafuta mu mikono, foulard ya kichwa imeanguka. Hakuwa analia na sauti ya matanga. Alikuwa anasema tu, karibu na sikio ya Athanase, na bantu bote balinyamaza juu ya kusikia.

«Kila usiku nilikuwa natia mukono ku kifua yako, nasikiliza kama inapiga. Hata siku moya sikukuambia. Nilikuwa nakuambia tu mambo ya bunga ya bukari na mambo ya mayi. Sasa hii mukono nitaiweka wapi, Athanase? Niambie. Nitaiweka wapi?»

Na Danielle, akisimama pale nyuma ya bantu, aliona drap ku kifua ya baba yake inapanda. Ine. Inashuka. Sita.

Alisukuma bantu, akainama, na sauti yake ilitoka ndogo kabisa.

«Papa, amuka.»

Athanase alifungua macho. Alitikisa vidole vya miguu kwanza, kisha vya mikono, akajigeuza ku upande ya kuume, akaikala polepole, namna kitabu ilisema kabisa. Ile polepole njo ilimaliza bantu. Kama angeruka labda bangecheka; lakini vile, na drap nyeupe inashuka ku mabega, bale banaume ba tawi balikimbilia mu mahindi, mama moya akaita jina ya Yesu mpaka akakosa sauti, na Mama Henriette, mwenye kulilia bantu benye kufa tangu miaka makumi tatu, akaikala chini pale pale akavula kiatu moya, hakuna mwenye anajua juu ya nini.

Suzanne peke yake hakukimbia. Alibakia na magoti chini, akimuangalia.

«Ulinisikia?»

«Nilisikia.»

«Tangu wakati gani?»

«Tangu Mama Henriette aliniita mara tatu.»

«Na haukuamuka.»

«Danielle alikuwa hajaniita bado.»

Suzanne alisimama. Alikamata drap, akaikunja mara mbili, mara ine, akiipiga na kiganja kila mara, akaitia chini ya mukono. Hakumuangalia Danielle. Ingekuwa afazali amupige kofi.

Danielle alikuwa anataka baende mbio, saa moya ilikuwa imepita. Lakini Mama Henriette alikuwa ameisha kurudisha roho, na alikataza. Kwabo Mama Henriette, muntu mwenye balimulilia muzima hapite ku mulango ya nyumba, wala ya dispensaire, wala ya ushini ya shaba, mpaka mwenye alimulilia wa kwanza amumwangie bunga ku kichwa, amuite jina, naye ajibu. Bila vile, kilio inabakia inamutafuta, na itamupata. Danielle alifungua kinywa kusema mambo ya statistique. Athanase alimuambia anyamaze. Muntu alimulilia na roho yote, hawezi kumukatalia bunga.

Lakini bunga iko wapi tarehe makumi mbili na sita, mwezi inaisha? Nyumba ya kwanza hakukuwa. Ya pili balikwangula ku mufuko, ikatoka kidole moya. Ya tatu mama alisema iko nayo ya batoto, akaingia, akatoka na kijiko moya, akasema ni juu ya papa ya Danielle, kwa muntu mwingine angekataa. Jua ilipanda. Athanase alingojea mu majani, miguu wazi, bantu banamuzunguka banamugusa mabega kuona kama ni nyama. Ku mwisho Mama Henriette akakusanya yote mu kiganja, akaimwanga.

«Athanase.»

«Niko.»

Na hakuna mwenye alicheka.

Balienda na miguu, juu kinga ilikuwa na Germain. Athanase mbele, bunga mu nywele, hakunawa. Danielle ku pembeni, bila sandali. Na Suzanne nyuma, mbali yabo hatua kumi. Kila mara Danielle aligeuka, hatua zilikuwa kumi.

Ku dispensaire, Étienne alikuwa ameisha kupiga mustari mwekundu ku jina ya Athanase, sawa muntu mwenye kufa. Germain alikuwa ku benchi, macho mekundu, banamupatia mayi. Alipomuona Athanase anaingia, kikombe ilianguka. Étienne alivua lunettes, akazipanguza, akazivala tena. Alisema tu kama mu kazi yake bantu banaingia mu liste ya benye kufa, hajaona bado mwenye anatoka. Akamufunga kitambaa ku mukono, akapompa.

Kumi na nane.

Wiki tatu, na kumi na nane. Étienne alisema na sauti ya chini kama hawezi kuandika ile. Lakini muganga anakuja saa tatu, na mbele ya muganga anaweza kupima mara moya tena, moya tu. Aende inje aikale.

Inje kulikuwa kipande ya majani ku jua, karibu na ukuta. Banaume bengine balikuwa pale, bachemise wazi, bakingojea zamu yabo na sura za mutihani. Athanase aliikala. Danielle alitoa kitabu, akaanza kutafuta page, akaanza kusema, pumzi papa, miguu papa, usiwaze papa, maneno yote mara moya.

«Danielle,» Suzanne alisema, «nyamaza.»

Ilikuwa maneno yake ya kwanza tangu kiwanja. Alikuja, akakunjua drap, akaitandika, akaikala mbele ya bwana yake, magoti karibu na magoti. Athanase alitaka kulala mugongo.

«Hapana. Hautalala mbele yangu hapa mara ya pili. Ikala.» Akangojea kidogo. «Ni consigne njo ilikuzuia kuamuka?»

Athanase aliangalia mikono yake.

«Mwanzo ilikuwa consigne. Kisha ulifika, ukaanza kusema. Kama ningefungua macho, ungenyamaza.»

Suzanne aligeuza kichwa. Aliangalia bale banaume ku ukuta, na bale banaume baliangalia juu sawa vile kuko ndege. Kisha akatia mukono yake ku kifua ya bwana yake, muchana, mbele ya bantu, mukono ya mafuta ya mikate ku chemise ya mutihani.

«Banafanyaka namna gani?» aliuliza.

Athanase alimuonesha. Hakutumia maneno ya kitabu. Alimuambia avute akihesabu ine, aachilie akihesabu sita, na kama roho inakimbilia ku mikate airudishe bila kugombana nayo. Suzanne alisema roho yake haiko ku mikate, iko ku moto, aliacha moto inawaka. Athanase alisema basi aiangalie ile moto. Suzanne alifunga macho.

Danielle alibakia na kinywa wazi na hakuna kitu ndani. Na juu hakukuwa kitu ya kusema, ilianza kuingia yote: majani inachoma kidogo chini ya miguu yake wazi, ku kidole kikubwa alijikata, labda ku njia ya train, na hakujua, jua iko ku shingo, mu nywele ya baba yake bunga imeshika jasho, imekuwa sawa maua tudogo-tudogo, mama yake ana mukunjo moya ku paji ya uso wenye Danielle hakuona hata siku moya, juu haukutulia hata siku moya mbele yake. Na ule mukunjo, polepole, sawa kitambaa yenye banainyoosha na kiganja, ulikuwa unaenda.

Mwanaume moya ku ukuta alivua viatu.

Étienne aliita jina. Athanase alitoa mukono ya bibi yake ku kifua, akaiweka ku goti ya Suzanne mwenyewe polepole, akaingia. Danielle alimufuata mpaka ku mulango. Kitambaa ikafungwa, ikapompwa, ikaachiliwa, pssss. Étienne aliangalia sindano, akapompa tena kidogo, akaangalia tena. Akaandika: kumi na tano. Muganga alikuwa anashuka ku pikipiki. Alisoma karatasi akisimama, akauliza hii bunga ku kichwa ni dawa gani, hakungojea jibu, akapiga cachet, muhuri ya kampuni. Jumatatu aanze kazi, équipe ya kwanza, zamu ya asubuhi.

Inje, Germain alikuwa anataka kupiga kelele. Athanase alimusimamisha na mukono. Suzanne alikuwa angali palepale mu drap, mugongo wima, macho yamefungwa, mikono ku magoti. Athanase alienda akainama mbele yake na karatasi yake. Suzanne njo aliuliza, bila kufungua macho.

«Ngapi?»

«Kumi na tano.»

Kifua ya Suzanne ilipanda, ikakawia juu, ikashuka. Chini ya kope machozi ilitoka, moya ku kila upande, na hakuipanguza.

«Ngojea basi,» alisema. «Sijamaliza bado.»

Athanase aliikala. Danielle akaikala pia. Bakangojea.